Mkono wa Siwema na Kinu cha Baba Yake Mdogo

Mmenipa khanga, mmenipa kiti cha plastiki chenye mikono, mmenipigia makofi, mkaniambia: Bibi, sasa pumzika. Nawashukuru. Kiti nimekikalia mara moja. Mtu aliyezoea kutoka Ujiji mpaka Mwandiga kumtafuta shahidi anayejificha, huwezi kumwambia akae aangalie kuku. Nafagia ua uliokwisha fagiwa. Naenda sokoni na sina cha kununua. Jana nilisimama karibu na watu wawili waliokuwa wanagombania mpaka wa kiwanja, ulimi ukaniwasha, nikajiuma nikaondoka. Ndiyo maana naandika. Mkiona maneno ni mengi, laumuni kiti.

Nawaandikia ninyi wasaidizi wa kisheria mliobaki pale ofisini. Vyeo sitaandika, maana kazi yetu haina vyeo, na posho mnaijua wenyewe. Mjukuu wangu Rehema anafundisha sekondari kule Kasulu na hakuna mwalimu wa kumfikia mkoa huu. Anasema atanisahihishia. Asahihishe nukta. Maneno ayaache.

Mimi niliishia darasa la nne. La tano lilinishinda kwa sababu nyumbani kulikuwa na watoto wa kubeba, nikawabeba. Baadaye nikauza dagaa Kibirizi, nikajua kugombana na wavuvi, wachuuzi, na wale wanaoshika dagaa wakisema hawajakauka ilhali wanavunjika mkononi. Siku moja mtendaji wa kata akaambiwa atafute mwanamke wa kwenda kufundishwa usaidizi wa kisheria. Akasimama sokoni akasema, “Mchukueni Zaituni, ana mdomo.” Alidhani ananitukana.

Tulifundishwa ardhi, ndoa, mirathi, ajira. Nilikuwa nauliza sana, mpaka mwalimu akawa akimaliza jambo ananitazama kwanza. Nikarudi na cheti, nikawekwa kwenye kachumba nyuma ya ofisi ya kata, benchi moja, meza moja yenye mguu mfupi. Siku ya kwanza nilivaa nguo ya Idi. Hakuja mtu. Mchana akaingia mama mmoja, akakaa ukingoni mwa benchi kama anaogopa kulichafua, akasema, “Bibi, nina jirani yangu ana swali.” Akaeleza. Mume wa jirani amekufa, ameacha deni la injini ya mtumbwi, sasa wenye deni wanasema watachukua cherehani ya mjane. Nikamjibu vizuri kabisa: mwambie jirani yako aje mwenyewe. Akaondoka. Hakurudi.

Mama Felista alikuwa amekaa nje amesikia yote. Huyu alikuwa mzee wa baraza wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi, yaani wale wanaokaa na hakimu kusikiliza kesi. Kwao ni Kidahwe. Mkatoliki, rozari shingoni, sauti ya kukwaruza. Alicheka mpaka akakohoa.

“Zaituni,” akasema, “umemfukuza mjane.”

“Mjane gani? Yule katumwa na jirani.”

“Hakuna jirani. Mtu akija na swali la jirani, ni lake. Mjibu hapo hapo alipokaa.”

Nilimtafuta yule mama nyumba kwa nyumba mpaka nikampata, cherehani ameifunika kwa godoro. Nikamwambia: deni la marehemu linalipwa na mali ya marehemu, kabla warithi hawajagawana. Injini ni ya marehemu, waifuate. Cherehani ulinunua wewe, waikome. Alilia. Tangu hapo sijamwambia mtu alete jirani.

Felista alinifundisha na jambo la pili, nalo ndilo nililolitumia kuliko yote. “Kesi ya mbuzi, kamwone mbuzi.” Usikae ofisini ukasimuliwa. Kama ni kiwanja, kikanyage. Kama ni ukuta umeanguka, shika tofali. Watu wakisimama mbele ya kitu chenyewe wanasema mengine kabisa. Kwa hiyo vifaa vyangu vya kazi vilikuwa mwavuli, miwani, na viatu vya kufunga nyuma. Msinunue vya kuvutia. Vya kuvutia vinabaki kwenye tope la Mwandiga.

Maswali mengi yalikuwa yale yale, na nilikuwa nayajibu nikiwa nimesimama. Mtu kagongwa na bodaboda, amemaliza mambo barabarani kwa soda na pole, wiki inayofuata mguu umevimba ndipo anakuja. Namuuliza, PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, iko wapi? Hana, kwa sababu aliona aibu kwenda polisi na dereva ni kijana wa mtaani. Nikawa nasema kila harusi na kila msiba niliokwenda: umegongwa, polisi kwanza, hospitali, kisha soda. Wosia nao! Wanaume wa Ujiji wakisikia neno hilo wanaondoka kama nimewatajia ugonjwa. Mzee mmoja mwenye maduka alimwambia mke mdogo peke yake, chumbani, kwamba nyumba ya barabarani ni yako. Akafa. Mke mdogo akaja kwangu na wosia wake wa chumbani. Nikamwambia ukweli: mama, hiyo ni hadithi nzuri. Wosia wa mdomo unataka mashahidi, wa ukoo na wa nje ya ukoo, na anayepewa mali hawezi kuwa shahidi wa mali yake. Alinitukana kwa Kiha na kwa Kiswahili. Kiha kilikuwa kitamu zaidi.

Lakini kesi iliyonikosesha utulivu ni ya mwisho, ya Siwema.

Walikuja wawili, Siwema na mama yake, kutoka Mwandiga. Siwema mwanamke wa umri wa kuzaa, mrefu, mkono wa kulia kaufunga kwenye mtandio kama amebeba mkate. Aliyesema ni mama.

“Bibi, mume wangu alifariki akaacha michikichi. Mdogo wake ndiye anayevuna. Tunataka kujua ataturudishia lini.”

“Anavuna kama nani?”

“Ukoo ulimchagua msimamizi. Tena sasa anafidia gharama zake.”

“Gharama gani?”

Mama akamtazama binti. Binti akatazama sakafu. “Alimtibu huyu mkono,” mama akasema. “Kwa hiyo anavuna mpaka zirudi.”

“Na mkono uliumia wapi?”

“Kinuni kwake.”

Niliinuka nikakaa tena. Yule baba mdogo, Mzee Sudi, ana kinu cha kukamua mawese, cha injini. Siwema alikuwa akitia chikichi zilizochemshwa, zikakwama, akazisukuma kwa mkono, chuma kikauchukua. Mwenye kinu akamkimbiza hospitali, akalipa, kisha akageuza malipo yakawa deni, na deni akalidai kwenye miti ya marehemu ambayo haijawahi kupelekwa mahakamani wala kugawanywa. Mkono wa mtoto umefidiwa kwa michikichi ya mtoto.

“Siwema,” nikasema, “umeumia kazini. Una haki ya fidia. Lakini taarifa ina muda wake. Uliumia lini?”

“Msimu uliopita, mavuno yalipokuwa yanaanza.”

Na mavuno yalikuwa yanakaribia tena. Muda ukipita, mlango unafungwa, na kuufungua tena ni kazi ya kuomba na kubembeleza.

“Mimi simshitaki baba mdogo,” Siwema akasema. Ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake. “Baba alipokufa yeye ndiye alinilea. Ndiye aliyeniozesha.”

“Tukimshitaki,” mama akadakia, “tunajikata mkono wa pili.”

Sikubishana nao. Kesho yake nikaenda kumwona mbuzi.

Kinu cha Mzee Sudi unakisikia kabla hujakiona. Mapipa yanachemka, moshi wa makapi, ardhi nyekundu inateleza mafuta. Nikamkuta amevaa koti la mvua juani, kwa ajili ya kurukiwa mafuta.

“Mwakeye!” nikamsalimia kwa Kiha, kwa sauti.

“Shikamoo, Bibi. Umefuata mawese?”

“Marahaba. Nimefuata kinu. Nasikia hakuna kingine kama hiki barabara yote hii.”

Vijana, huo haukuwa uongo. Kilikuwa kinu kizuri. Akazima injini ili anionyeshe vizuri. Hapa zinaingia, hapa zinasagwa, hapa mafuta, hapa mise, zile kokwa zake, na makapi. Mkanda unazunguka wazi, hauna kifuniko. Mdomo wa kutilia uko wazi, mpana kama beseni.

“Na anayetia anasimama wapi?”

“Hapa.” Akasimama yeye mwenyewe. “Mimi ndiye ninayemweka mtu. Akija asubuhi namwambia leo wewe utatia, wewe utachota.”

“Siwema naye?”

“Siwema alikuwa mkono wangu wa kulia, Bibi. Kila siku hapa, kabla ya jua.”

Nadhani alilisikia neno lake mwenyewe, maana aliutazama ule mdomo wa kutilia. Nikauliza, “Ulikuwa unamlipa?”

“Simlipi, ni mwanangu! Mtoto wa kaka yangu nimlipe kama kibarua?” Akajipiga kifua. “Nilikuwa nampa dumu la mawese kila Jumamosi. Hakuna Jumamosi aliyoikosa. Uliza Mwandiga nzima.”

Huku kwetu ndivyo tulivyo. Mtu wa ukoo haitwi mfanyakazi, linaonekana tusi. Anaitwa mwanangu, anapewa mafuta badala ya pesa, na akikatika mkono, ni bahati mbaya ya nyumbani. Mzee Sudi hakuwa anajificha nyuma ya maneno. Aliyaamini.

“Mdogo wangu,” nikamwambia, “mtu unayempangia kazi kila siku, na unampa kitu kila Jumamosi kwa kazi hiyo, ni mfanyakazi. Mafuta ni mshahara.”

Uso ukabadilika. “Umekuja kunitega.”

“Sijakutega. Umenionyesha kinu chako.”

“Toka kinuni kwangu, Bibi. Kwa heshima nakwambia, toka.” Akawasha injini ili nisisikike.

Siku ya tatu Siwema akaniletea ujumbe kupitia mwuza ndizi: hataki tena, niache. Nikaenda kwao. Nikamkuta anamenya muhogo, kaubana kati ya nyayo zake, kisu mkono wa kushoto, na muhogo unamkimbia. Nikataka kumsaidia, akaniangalia kwa namna ambayo niliirudisha mikono yangu. Nikamweleza tena kwamba taarifa ya ajali haimpeleki mtu jela, ni kumwambia mkaguzi wa kazi kwamba fulani ameumia kazini, fidia ipangwe. Kwamba kinu hakijasajiliwa, na hilo ni kosa la mwenye kinu, si la mkono.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Bibi, wewe jioni utarudi Ujiji. Mimi maji nachota kisimani kwa baba mdogo. Mwanangu akiugua, ni yeye wa kunibeba na pikipiki yake. Wewe utanibeba?”

Ziko siku hutakuwa na jibu, na ukilibuni mtu atalijua. Nilimenya muhogo mmoja, akaniruhusu, nikaondoka.

Nilikaa vibaya siku hizo. Chakula nakisahau jikoni. Mama Felista, Mungu amrehemu, angeniambia nimeangalia mbuzi mmoja wakati wako wawili. Kinu nilikuwa nimekiona. Michikichi bado.

Nikaenda shambani. Mzee Sudi alikuwa chini ya mti anafunga kamba yake ya kukwea kiunoni. Aliponiona akatema mate pembeni, ila hakuniambia niondoke. Shamba halikuwa kinu chake, na nadhani alilijua hilo.

“Marehemu kaka yako,” nikasema, “aliacha mke, aliacha binti mmoja, na akakuacha wewe. Alikuwa Mwislamu, na mirathi yake itakwenda kwa Uislamu. Mke ana thumuni. Binti ana nusu. Kinachobaki ni chako.”

Kamba ikasimama mkononi. “Kuna changu?”

“Kipo.”

“Mimi niliambiwa siku hizi ukifika mahakamani wanawake wanabeba yote.”

“Nani alikwambia?”

“Watu.”

“Hao watu wana michikichi?”

Hakucheka. Akakaa juu ya lundo la mikungu bila kujali miiba. Basi ndiyo hiyo, nikaona. Muda wote huo alishikilia yote kwa kuogopa kukosa yote. Deni la hospitali lilikuwa kamba tu ya kushikilia.

“Na gharama nilizolipa?” akauliza.

“Si deni la Siwema. Aliumia kwako, ukamtibu. Ulifanya lililokupasa, na vizuri. Lakini huwezi kumdai.”

“Nikisema alikuwa mfanyakazi wangu, nitafungwa?”

“Sijasikia mtu kufungwa kwa kusema hivyo. Ila utasajiliwa, watakudai michango ya mfuko wa fidia ambayo hukulipa, na huenda wakakutoza na faini. Sikudanganyi.”

Akaifunga kamba vizuri. “Siwema anasemaje juu yangu?”

“Anasema wewe ndiye uliyemlea.”

Akanigeuzia mgongo akaanza kukwea. Nikabaki naongea na nyayo zake. Nikamwambia siku tunayokwenda mjini Kigoma, kwa mkaguzi wa kazi, na kwamba Siwema hajakubali, na kwamba nitakwenda kumngoja hata hivyo.

“Mzee Sudi, unanisikia?”

“Nasikia! Ondoka chini, mkungu utakuangukia!”

Niseme hapa nisije nikasahau: mirathi yenyewe ilifunguliwa baadaye mahakama ya mwanzo, kikao cha ukoo kikaandikwa upya, msimamizi akathibitishwa, na miti ikahesabiwa mbele ya wote, kila mti ukatiwa alama ya mwenyewe kwa panga. Hiyo ni kazi ya makaratasi na miguu, mnaijua. Msimamizi msimamieni asije akajiona mwenye mali. Yeye ni mbeba mzigo, akifika anaushusha.

Siku ya mkaguzi nilifika mapema kupita kiasi, nikawa nazunguka jengo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Siwema alikuja na mama yake. Hakuniambia kwa nini amekuja, nami sikuuliza. Alisema tu, “Nimekuja kusikiliza. Sijasema nitafanya.”

Tukaingia. Mkaguzi alikuwa kijana mpole, mashati mawili ya kubadilisha nadhani, lile alilovaa lilikuwa limepigwa pasi mpaka linang'aa. Akamwuliza maswali, Siwema akajibu mafupi. Jina la kinu, akajibu. Kazi aliyokuwa anafanya, akajibu kwa sauti ya chini: “Nilikuwa nasaidia.” Kusaidia si kazi. Lakini msaidizi wa kisheria hajibu badala ya mteja. Nilijikalia juu ya vidole vyangu.

Ndipo Mzee Sudi akaingia. Kanzu nyeupe, kofia, harufu ya mawese haikukubali kuoshwa. Hakusalimu vizuri, akasimama tu ukutani karibu na mlango. Mama Siwema akashika khanga yake mdomoni. Siwema alimwona, mgongo ukanyooka, kisha ukainama.

“Weka sahihi hapa,” mkaguzi akasema.

“Sahihi yangu ilikuwa ya mkono huu.”

“Basi dole gumba. Kawaida la kulia.”

Siwema akafungua mtandio, taratibu, mzunguko kwa mzunguko, akaweka mkono juu ya meza. Kijana wa watu akatazama, akatazama karatasi, akakohoa.

“La kushoto linafaa,” akasema. “Ila inabidi niandike sababu. Dole la kulia limekosekana kwa nini?”

Feni inazunguka. Siwema hakunitazama mimi wala mama yake. Alimtazama baba yake mdogo, kwa muda, kama mtu anayemuaga mwenye safari. Akamgeukia mkaguzi.

“Andika ajali ya nyumbani,” akasema. “Nilikuwa nakata kuni.”

Nilifungua mdomo wangu huu, ule uliofanya nichaguliwe sokoni, nikaufunga. Kalamu ya mkaguzi ikashuka kwenye karatasi.

“Hapana, kijana. Usiandike hivyo.” Mzee Sudi alikuwa bado ukutani, anaongea na mikono nyuma kama mwanafunzi. “Hajakata kuni. Dole hilo lilikatikia kinuni kwangu, Mwandiga. Nilimsimamisha mimi hapo aliposimama. Alikuwa kazini kwangu.”

“Baba mdogo,” Siwema akasema, “nyamaza.”

“Nyamaza wewe. Nimekulea.” Akamwelekezea mkaguzi kidevu. “Andika.”

Mkaguzi akaandika. Alipomaliza akamsogezea Siwema wino, naye akabonyeza dole la kushoto kwa nguvu mpaka meza ikayumba, na mama yake akaishika isianguke.